Panga Hukaa, Gongo Ndilo Linalopiga: Kuchanja Kuni na Kutunza Makali

Kwetu juu ya Uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, kati ya Newala na Tandahimba, shoka huazimwa, lakini panga kila nyumba inalo. Mikorosho ikishapogolewa, au mikorosho mizee ikikatwa ili shina libebeshwe aina bora, uani hubaki lundo la matawi: mengine membamba kama kifundo cha mkono, mengine manene kama paja. Shoka liko kwa jirani wa tatu, maji ya ugali hayajabandikwa, na sisi wanawake ambao moto ni wetu kila siku tunachukua panga. Hapo ndipo watu wanapojikata. Hapo pia ndipo mapanga mazuri yanapokufa kabla ya wakati, yakipinda, yakiingia mapengo, yakilegea mpini.

Mimi nilijikata nikiwa na miaka 14. Nilisimamisha kuni kwa mkono wa kushoto, nikainua panga kwa wa kulia, nikashusha. Likagonga fundo, likateleza, likapita kwenye kidole gumba. Mjomba hakunigombeza. Kesho yake, bandeji ingali mpya, aliniita chini ya mwembe akaniambia, "Mpwa wangu, panga halirushwi kwenye kuni. Panga hukaa, gongo ndilo linalopiga." Akanionyesha asubuhi nzima. Nimechanja kuni hivyo tangu siku ile, na panga lake alilonifundishia bado linafanya kazi uani kwangu.

Kuni za panga na kuni za shoka

Panga la dukani kwa kawaida lina bapa la sentimita 40 hadi 45 na unene wa milimita 2 au 3. Ni chuma chembamba cha kufyekea. Shoka ni nene nyuma ya makali, kwa hiyo likiingia kwenye gogo linazisukuma pande mbili zitengane. Panga haliwezi kusukuma hivyo. Linaingia tu kati ya nyuzi za mti, na kuni hupasuka kwa sababu nyuzi zenyewe zimekubali kuachana. Ndiyo maana kuchagua kipande ni nusu ya kazi.

Chukua kipande chenye unene usiozidi sentimita 12 au 15. Kipimo changu ni vidole: weka panga juu ya kichwa cha kipande, na bapa litokeze upande wa pili kwa vidole vinne au zaidi. Sehemu hiyo inayotokeza ndiyo utakayoipiga baadaye. Isipokuwepo, huna pa kupiga. Urefu uwe sentimita 30 hadi 40 kwa mafiga, na kama unapikia jiko banifu hata 25 zinatosha.

Kisha tazama kichwa cha kipande. Ukiona ufa unaotoka kwenye kiini kwenda kwenye ganda, mti umeshakuonyesha njia, ifuate. Tazama na ubavuni: nyuzi zimenyooka, au zimejisokota kama kamba? Kuna fundo? Kuna panda?

Mkorosho ni laini, lakini nyuzi zake hupenda kujipinda na panda zake huwachosha hata wenye shoka. Panda ziweke kando kwa ajili ya shoka na kabari, au zichome nzima nzima siku ya shughuli, moto unapotakiwa kukaa usiku kucha. Mkwaju ukishakauka ni mgumu mno kwa panga. Miti mingi, huo ukiwamo, huchanika kwa urahisi zaidi ikiwa bado na ubichi. Kwa hiyo usisubiri kuni zikauke ndipo uzichanje. Chanja kwanza, zikauke zikiwa zimeshapasuliwa, na zitakauka upesi zaidi. Shina la mnazi usihangaike nalo: nje ni nyuzi ngumu zilizobanana, ndani ni laini, na panga halipati njia. Vifuu na makuti yake vinatosha kuwasha moto.

Mpingo, ukiokota kipande, hauchanjwi kuni. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, na utalitia panga lako pengo. Mpelekee mchongaji. Kipande cha urefu wa mkono anaweza kukitoa kinyago, na huko ng'ambo mti huohuo ndio wanaotengenezea klarineti, ala ya muziki ya kupuliza. Kuuweka chini ya sufuria ya maharage ni hasara inayoniuma.

Kuhusu sheria, kwa ufupi: matawi ya mikorosho na miembe yako mwenyewe hayana matata, lakini kabla ya kuingia msituni pita kwanza ofisi ya serikali ya kijiji uulize kibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inagusa mambo mengi kuliko watu wanavyodhani. Mikoko ya pwani, kuanzia Kilwa mpaka mdomo wa Ruvuma, iache ilivyo.

Na tahadhari moja kwa wenye uzio wa mnyaa: usiuchanganye na kuni, wala usiukate ukiwa umeinamisha uso juu yake. Utomvu wake mweupe ukiingia machoni unaweza kukuharibia macho. Ukikurukia, osha kwa maji mengi palepale, kisha nenda zahanati.

Kigogo, gongo na nguo

Kigogo cha kuchanjia kiwe cha mti mgumu, kipana kama sinia dogo, kimo chake kisifike goti. Kazi yake ni kupokea makali panga linapotoka upande wa chini wa kuni. Ukichanja moja kwa moja juu ya ardhi, kila pigo la mwisho litaingia mchangani, na mchanga wetu mwekundu unakula makali kama tupa. Jiwe ni baya zaidi. Sakafu ya saruji nayo hivyo hivyo.

Gongo liwe la mti mzito usiopasuka ovyo. Mkwaju unafaa sana, na ndio huo huo watu wanaouchongea mipini na vinu. Urefu ni kama kuanzia kwenye kiwiko hadi ncha za vidole, unene kiasi cha kushikika vizuri, na upande wa kushikia uchongwe uwe mwembamba kidogo. Gongo litaliwa na mgongo wa panga, litaingia mikwaruzo, na baada ya miezi utachonga jingine. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mtu anayepiga mgongo wa panga kwa nyundo au jiwe anataka panga ndilo liliwe. Mgongo utavimba, utatoa vipande vya chuma vinavyoruka, na siku moja bapa litapata ufa.

Chonga pia kabari mbili za mti mgumu, ukubwa wa kiganja, zenye ncha kama ulimi. Utaona faida yake panga likinasa.

Kanga ifungwe ikabane, ncha zisining'inie. Ndala ziache mlangoni, vaa viatu vilivyofunikwa hata kama ni raba kuukuu. Watoto na kuku wakae mbali. Mimi nachora mstari mchangani, hatua nne kutoka kwenye kigogo, na mtoto anayevuka mstari kazi inasimama mpaka arudi.

Kukata urefu

Kabla ya kuchanja, tawi refu linakatwa vipande. Hapa panga linarushwa kweli, kwa hiyo hapa pia umakini uwe mkubwa. Lilaze tawi juu ya gogo jingine, mahali pa kukata pawe juu ya gogo na siyo hewani, maana tawi lililo hewani hurusha panga. Simama tawi likiwa kati ya mguu wako na panga. Kata kwa mshazari, pigo moja likiinamia kulia, jingine kushoto, mpaka pachimbike kama herufi V. Ukipiga wima kuukata mti moja kwa moja, panga litaruka au litanasa. Ukifika zaidi ya nusu, geuza tawi umalizie upande wa pili. Kwa tawi linalozidi unene wa mkono wa mtu mzima, msumeno wa mkono una heri kubwa: ncha zinatoka bapa, na kipande chenye ncha bapa husimama chenyewe.

Kuchanja

Piga magoti yote mawili nyuma ya kigogo, na yawe mbali nacho kwa shibiri mbili. Ukichuchumaa, mapaja yanakaa kwenye njia ya panga likiteleza. Ukipiga magoti, panga lililokosea linaishia kwenye kigogo au ardhini.

Simamisha kipande katikati ya kigogo. Kama kina fundo, upande wenye fundo uwe chini. Kisiposimama, kiegemeze kwenye panda ya gogo jingine. Ukiacha vijiti vidogo nitakavyovieleza baadaye, kamwe usikishike kwa mkono panga likiwa juu yake. Sasa laza panga juu ya kichwa cha kipande, makali chini, kwenye ule ufa uliouona. Mpini uwe kushoto kwako na ncha kulia, kama unatumia mkono wa kulia kupiga. Mkono wa kushoto unashika mpini bila kuukaba, kidole gumba kikiwa ubavuni na si juu ya mgongo.

Gonga mgongo wa panga katikati, juu ya kuni, mara mbili au tatu, taratibu. Unataka makali yaingie kina cha kidole kimoja tu. Ukianza kwa nguvu, kipande kitaanguka na panga pamoja nacho. Makali yakishaingia, kuni na panga vimekuwa kitu kimoja na huhitaji tena kuogopa kuteleza.

Sasa hamia kwenye ile sehemu inayotokeza kulia. Inua gongo, uliache lianguke kwa uzito wake, na kila ncha inaposhuka, kandamiza mpini kidogo ili bapa libaki sambamba na kigogo. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanapiga ncha inashuka, mpini unabaki juu, panga linakaa mshazari ndani ya kuni na kunasa. Piga, kandamiza, piga, kandamiza. Utasikia sauti ikibadilika. Mwanzo ni "ko" kavu, kisha inakuwa nzito, kisha unasikia nyuzi zikichanika kama kitambaa. Ukisikia hivyo punguza nguvu, kipande kiko karibu kuachana, na pigo kubwa la mwisho litaishia kwenye kigogo bure.

Kipande chenye nyuzi zilizopinda, kama mikorosho mingi, usikianzie katikati. Anza pembeni, toa ubavu mwembamba, zunguka kama mtu anayemenya muhogo, ukimalizia na kiini. Inachukua muda zaidi lakini panga halinasi.

Na likinasa? Usilipindepinde. Bapa la milimita 2 halikutengenezwa kwa ajili ya kunyongwa, na panga lililopindwa namna hiyo halirudi kunyooka sawasawa. Chukua kabari, iingize kwenye ufa mbele ya panga, igonge. Ufa ukifunguka, panga litalegea lenyewe. Kama liko kwenye fundo, litoe, geuza kipande kichwa chini, uanze upande wa pili. Fundo likikataa pande zote mbili, kuni hiyo iende kwa shoka. Mjomba alikuwa akisema mapigo 10 yanatosha kujua kama mti unataka. Mimi nimezidisha mara nyingi, na kila mara nimejuta.

Vijiti vya kuwashia moto vina njia yake, na ndiyo salama kuliko zote. Laza makali juu ya kichwa cha kijiti, shika mpini kwa mkono mmoja na kijiti kwa mwingine, chini mbali na makali lakini vidole visifike ncha itakayogonga kigogo, viinue vyote viwili pamoja vikiwa vimegusana, vishushe pamoja juu ya kigogo. Panga halipati nafasi ya kukimbia kwa sababu halikuachana na kijiti hata kidogo. Likishauma, ondoa mkono ulioshika kijiti, gonga tena. Binti yangu alianza na hii alipokuwa na miaka 12, nikiwa nimekaa pembeni yake.

Acha ukichoka. Wenye majeraha wengi niliowasikia walikuwa wanamalizia "kuni mbili tatu tu" jua likizama.

Ukijikata

Bana jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono juu ya usawa wa moyo, usifungue kuchungulia kwa dakika 10 kamili. Damu ikiendelea, au jeraha likiwa limefunguka, au kidole hakikunjiki, nenda kituo cha afya ukashonwe. Ulizia sindano ya pepopunda hata kwa jeraha dogo, kwa sababu panga limegusa udongo. Usipake majivu, tumbaku, wala oili.

Kunoa

Panga jipya kutoka dukani mara nyingi halina makali ya kazi, na limepakwa rangi au vanishi ya kuzuia kutu. Wakati wa kununua, lishike kwa ncha za vidole mpinini uligonge kwa ukucha: mlio mrefu ni dalili njema, mlio uliokufa unaweza kuwa ufa au mpini uliolegea. Tazama mgongo wake kama unavyotazama ubao, kwa jicho moja, kama umenyooka. Kama muuza duka ni mtu mwema, omba upitishe tupa kidogo karibu na makali. Tupa inayoteleza kama juu ya kioo inaonyesha chuma kigumu mno kitakachomeguka. Inayozama kama kwenye madini ya risasi inaonyesha chuma laini kitakachobutuka kabla ya mchana. Unataka tupa iume kwa kujitahidi. Mhunzi mzuri anayefua panga kwa springi ya gari hutoa chuma imara, kinene na kizito zaidi, na kwa kuchanja kuni mimi nalipenda hilo kuliko la dukani.

Tupa ya kunolea iwe ya inchi 8 au 10, yenye mistari inayoelekea upande mmoja tu. Itie mpini, hata kama ni gunzi la hindi. Mkia wa tupa uliochongoka umewatoboa wengi viganja. Vaa glavu kama unazo.

Pembe ya makali ndilo swali ninaloulizwa sana, na jibu liko kwenye karatasi. Chukua pembe ya daftari, ikunje katikati, kisha ikunje tena katikati. Pembe inayobaki ni digrii 22 na nusu, na hiyo ndiyo ya kuni kila upande. Iegemeze kwenye bapa uone tupa inavyotakiwa kulala. Mtu wa kufyeka majani anaweza kulaza zaidi, makali yakawa kama wembe, lakini makali hayo yakikutana na fundo la mkorosho yanakunjika. Mimi hugawa panga langu: nusu ya karibu na mpini na katikati pana pembe ya kuni, ncha nimeilaza kwa ajili ya majani na madafu.

Funga panga lisicheze. Lilaze juu ya kigogo, mgongo ukiwa upande wako na makali yakitazama mbele, likandamize kwa goti kwenye bapa karibu na mpini, au mtu akushikie mpini. Sukuma tupa kwenda mbele na pembeni kwa wakati mmoja, kutoka kwenye bapa kuvuka makali, mapigo marefu. Tupa hukata ikisukumwa tu. Wakati wa kurudi iinue. Ukiiburuta unaua meno yake. Endelea mpaka, ukipitisha kidole kwa uangalifu kutoka mgongoni kwenda nje upande wa chini, usikie kijukingo, yaani ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja, kinachokwaruza urefu wote wa makali. Hicho kijukingo ndicho ushahidi kwamba umefika. Bila hicho, hata unoe mchana kutwa, hujafika. Geuza panga, fanya upande wa pili kwa idadi ileile ya mapigo.

Baada ya tupa, kinoo. Kiloweshe maji, kipitishe kwa mizunguko midogo kwa pembe ileile, pande zote mbili kwa zamu, ukipunguza nguvu kila mara, mpaka kile kijukingo kiishe. Ukitaka kumalizia vizuri, buruta makali juu ya mkanda wa zamani wa ngozi, mgongo ukitangulia, mara 10 kila upande. Jaribu kwenye jani la mwembe: panga linalokata jani lililoshikwa kwa shina lake bila kulichana linatosha kabisa.

Kwa kuni za kila siku, tupa inahitajika mara chache, labda kila mwezi. Kinoo ndicho cha kila wiki. Anayepiga tupa kila siku anamaliza panga lake akidhani analitunza.

Sasa jambo ambalo naomba lisikilizwe. Ukipeleka panga kwa fundi mwenye grinda, simama hapo hapo. Gurudumu la umeme linachemsha makali kwa sekunde chache tu. Chuma kikigeuka rangi ya nyasi kavu kimeshapita nyuzi joto 200, kikigeuka bluu kimekaribia 300, na ugumu alioutia mtengenezaji umeondoka. Makali ya bluu hayakai. Utanoa leo, kesho yamebutuka. Mwombe fundi aguse kidogo kidogo na kuchovya majini kila mara. Panga moja la nyumbani kwetu liliharibiwa hivyo, na ilinichukua jioni tatu za tupa kuvuka ile sehemu iliyokufa. Kwa sababu hiyohiyo, usitie panga motoni kuchoma utomvu, wala kutolea mpini uliovunjika.

Mapengo madogo usiyafukuze moja moja, utatengeneza makali ya mawimbi. Noa urefu wote mpaka yaishe taratibu, hata ikichukua wiki mbili za matumizi. Pengo linalozidi nusu ya ukucha ni kazi ya mhunzi.

Kutu, utomvu na chumvi

Kazi hii ifanywe siku ileile, kabla ya kuinjika sufuria. Maji kwetu uwandani si ya kumwaga ovyo, na panga haliyahitaji: kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu, basi. Gundi ya mkorosho iliyoganda itoe kwa tone la mafuta ya taa, ufute mpaka harufu iishe. Panga lililokata mabibo, ndimu au embe mbichi lisilale hivyo hata saa moja, maana uchachu wake unakula chuma na kuacha madoa meusi. Weusi unaotokana na magome ya miti hauna madhara, ni rangi tu.

Watu wa Mikindani, Msimbati, Lindi mjini na Kilwa mna adui wa ziada, nao ni hewa ya chumvi. Kwenu panga lililofutwa bila kupakwa mafuta linaweza kuamka na wekundu asubuhi. Kutu changa inatoka kwa kumbi la nazi lililoloweshwa na kuchovywa kwenye majivu yaliyochekechwa. Sugua kwa urefu wa bapa, futa, kausha juani dakika chache. Kutu iliyochimba inahitaji msasa.

Mafuta ya kupaka: ya nazi. Hayagandi kuwa gundi, na panga hilohilo linaweza kufungua dafu bila wasiwasi. Mafuta ya ufuta, ambayo Lindi hayakosekani, yanalinda kwa siku chache lakini yakikaa muda mrefu yananata na kukusanya vumbi. Oili chafu ya gari inalinda vizuri sana, na ndiyo wengi wanayopaka, lakini ina uchafu wa injini usiotakiwa kwenye ngozi wala chakula. Kama panga lako linagusa nazi au samaki, iache gereji. Matone matatu kwenye kitambaa yanatosha. Panga linalochuruzika mafuta litateleza mkononi.

Mpini na nyufa

Mpini unaocheza ni hatari kuliko makali butu. Kila wiki shika bapa kwa kitambaa, jaribu kuutikisa. Ribiti zikilegea zigonge upya juu ya chuma kizito, au toa uweke mpya. Mpini wa plastiki uliopasuka uondoe kabisa, chonga wa mkwaju wenye nusu mbili. Ukanda wa tyubu ya baiskeli uliokazwa juu ya mpini huzuia kuteleza, ila ufungue kila baada ya mvua, maji hujificha chini yake na kutu ikaanzia gizani, penye ribiti.

Ufa mdogo hauonekani kwa macho, hasa pale bapa linapoingia mpinini. Paka mafuta ya taa pale, subiri robo saa, futa mpaka pakauke, kisha nyunyiza chaki ya shuleni iliyosagwa. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari juu ya weupe. Panga lenye ufa wa kukatiza bapa lisichanje tena kuni hata siku moja. Lipeleke kwa mhunzi akutolee visu viwili vya jikoni.

Kuhifadhi panga na kuni

Desturi yetu ni kuchomeka panga kwenye makuti juu ya mlango. Nimeiacha. Makuti hubeba unyevu, na panga likianguka, linamwangukia anayepita. Nimeshona ala kwa kipande cha tairi la pikipiki kilichokunjwa na kufungwa kwa waya, mdomo wazi, na nimetoboa tundu chini ili hewa ipite. Linaning'inia ukutani ndani, juu kuliko mkono wa mtoto anavyoweza kufika akiwa amesimama kwenye kiti.

Kuni zilizochanjwa zipange kwenye kichanja, safu moja ikikatiza nyingine, ncha zikitazama upepo, zilizo juu ganda likiwa juu. Kiangazi chetu cha Juni hadi Oktoba ni kirefu. Vipande vinene kama kifundo cha mkono hukauka vizuri ndani ya miezi miwili au mitatu. Kuni kavu ni nyepesi kuliko inavyoonekana, ina nyufa kichwani, na ukigonganisha mbili zinalia. Zinazonyamaza zina maji bado, na moto utatumia nguvu zake kuyachemsha hayo badala ya sufuria, huku moshi ukikutoa machozi. Matawi yenye vumbi la salfa tulilopulizia ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, yabandue ganda au yaache nje mpaka mvua iyaoshe, kwa sababu salfa ikiungua hutoa moshi unaokaba koo, na jikoni kuna mtoto mgongoni.

Mwishoni mwa Novemba, mawingu yakianza kujikusanya upande wa bahari, nafanya mambo mawili siku moja. Nahamishia kuni za safu ya juu ndani ya jiko, ambazo ndizo zilizokauka zaidi. Kisha nalitoa panga kwenye ala, nalifuta, nalipaka mafuta ya nazi mara mbili badala ya moja, na kinoo nakiweka karibu na mlango, maana wiki inayofuata ni kufyeka shamba.